Kipigo Kisicho na Mpigaji

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliwafunga Simba 5-1 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, na kwa siku nyingi baada ya hapo neno lililotamalaki redioni, magazetini na vijiweni lilikuwa kipigo. Kurasa zetu za michezo zina ghala zima la maneno ya namna hiyo. Timu huchapwa, hunyukwa, hutandikwa, hucharazwa, huadhibiwa, huuawa. Kipa hudhalilishwa. Beki hugaragazwa. Ni lugha ya bakora na ya damu, nasi tumeizoea kiasi kwamba mtoto wa darasa la tatu huimudu kabla hajajua kuandika barua.

Sasa fungua ukurasa uleule siku ambayo mchezaji ameripotiwa polisi kwa sababu amempiga mkewe hadi akalazwa. Bakora zote zimetoweka. Kuna sakata. Kuna mgogoro wa kifamilia. Nyota huyo yumo katika matatizo ya ndoa, au amekwaruzana na mwenza wake, au maisha yake ya nje ya uwanja yamezua gumzo. Uwanjani, ambako hakuna aliyeguswa zaidi ya kukanyagwa mguu, tumetumia kipigo mara kumi katika habari moja. Nyumbani, ambako mtu amevunjwa taya, neno hilo hatulioni hata mara moja.

Jambo hili linanisumbua, na sidhani ni suala la mtindo wa waandishi pekee. Ligi na vyama vya michezo huamua kwa maneno. Kamati ya nidhamu hukaa mbele ya karatasi, na karatasi ina vifungu, na vifungu vina istilahi. Ikiwa kitendo hakina jina katika karatasi ile, kamati itakitafutia jina la jirani, nalo jina la jirani litazaa adhabu ya jirani.

Nianze na silabi moja ndogo. Kiswahili kina kiambishi -an-, kinachowafanya wawili watendeane: pendana, saidiana, zikana. Ni kiambishi chenye heshima kubwa, na sehemu nzuri ya adabu yetu imejengwa juu yake. Lakini tazama kinavyofanya kazi habari ya nyumbani inapofika mezani kwa mhariri au kwa katibu wa klabu: waligombana, walipigana, walizozana, walitofautiana, hawakuelewana. Katika “alimpiga” kuna a- na kuna -m-, aliyetenda na aliyetendwa, na huwezi kuwabadilisha nafasi bila kusema uongo. Katika “walipigana” wawili hao wamevishwa wa- moja. Aliyeanza hayumo. Mwenye ngumi hayumo. Hata mwenye jeraha hayumo, maana kisarufi wote wawili wamejeruhi na wote wamejeruhiwa.

Zipo nyumba ambamo wawili hupigana kweli, na mwandishi mwaminifu atalisema hilo akiwa na ushahidi. Ninachokipinga ni -an- inayotumika kabla ya ushahidi, kama adabu, kama njia ya kutomuudhi mtu yeyote. Adabu hiyo ina anayeilipia.

Kumwona anayeilipia, twende Zambia. Ukiambaa ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru kutoka Kashikishi na Nchelenge kwenda kaskazini, utafika Wilaya ya Chiengi, katika nchi ya Chifu Puta wa Wabwile. Ng'ambo ni Kongo: Kilwa ya Katanga, na kule juu Pweto. Kibwile husemwa nyumbani, Kibemba sokoni na kanisani, Kiswahili cha Katanga hupanda mitumbwi pamoja na wafanyabiashara, na Kiingereza hukaa kituo cha polisi kikisubiri kuandikwa. Mwanamke wa pale aliyepigwa anaweza kuvuka lugha tatu kabla maneno yake hayajafika kwenye jalada. Na -an- huvuka naye. Kibemba nacho kinayo: ukuuma ni kupiga, ukuumana ni kupigana. Katika Kiswahili cha Katanga sauti ya g hulegea ikawa k, kwa hiyo kupiga hutamkwa kupika, na msikilizaji aliyezoea Kiswahili cha pwani asipokuwa makini atadhani habari ni ya jikoni. Kila kivuko kina nafasi yake ya kupotezea kitu.

Neno lenye nguvu kuliko yote katika ufuko ule, na katika Zambia nzima inakosemwa Kibemba, ni shipikisha. Mzizi wake ni kushipa, kuwa jasiri. Kushipikisha ni kuukaza ujasiri huo, kustahimili, kutokata tamaa. Ndilo neno ambalo banachimbusa, wanawake wazima wanaomfunda mwari kabla ya ndoa, humwachia bibi harusi: shipikisha, ndoa ni kushipikisha. Likaenea hadi Wazambia wakawa na msemo wa “Shipikisha Club”, yaani kundi la wake wanaoendelea kuvumilia yasiyovumilika. Waswahili tunalo la kwetu, vumilia, na mvumilivu wetu anaahidiwa mbivu. Lakini shipikisha linamshika mtu mahali pagumu zaidi, kwa sababu linaita uvumilivu ushujaa. Anayevumilia kwetu ni mtu wa subira. Anayeshipikisha ni shujaa, na nani anataka kuuacha ushujaa wake mlangoni pa kituo cha polisi?

Ni neno lilelile ambalo kocha yeyote wa mtaani pale ziwani angewapigia vijana wake kelele timu ikiwa nyuma bao moja na dakika zinayoyoma. Kaka uwanjani na dada yake nyumbani wanapewa amri moja. Kwa kaka amri hiyo ina filimbi ya mwisho.

Sheria ya Zambia ilijaribu kuleta maneno mengine. Mwaka 2011 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupinga Ukatili wa Kijinsia, Namba 1 ya mwaka huo, na ndani yake ukatili umegawanywa: wa mwili, wa kingono, wa hisia, na wa kiuchumi. Huo wa mwisho ni mali ya watu wa ziwani hasa. Mwanamke anayenunua chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru, akawaanika na kuwapeleka sokoni, ana mtaji unaohesabika kwa beseni. Mume akiutwaa akaumaliza, Kiswahili cha mtaani kitasema amemtapeli mkewe, au amefuja, au hakitasema kitu. Sheria imelipa tendo hilo jina na mahali pa kulishitakia. Katika polisi ya Zambia kuna Kitengo cha Kusaidia Waathirika, kinachojulikana kwa herufi zake VSU, kama ilivyo kwa Watanzania na dawati la jinsia.

Na kuna GBV, kifupi cha Kiingereza cha ukatili wa kijinsia. Wazambia wamekigeuza kifupi hicho kuwa neno kamili la kusemwa, la redioni, la kwenye mabango ya zahanati, la kuingizwa katikati ya sentensi ya Kibemba bila kusita. Mpenzi wa maneno angeweza kulichukia: herufi tatu zisizo na mwili, zisizo na mkono wala jeraha. Mimi silichukii kabisa. Mwanamke anayeona haya kumwambia askari kijana wa umri wa mwanawe kwamba alikanyagwa tumboni anaweza kusema “nimekuja kwa GBV”, na mlango ukafunguka. Ubaya unaanza pale herufi hizo zinapobaki peke yake hadi mwisho wa jalada, na kisha zikaruka hadi ofisi ya klabu: “mchezaji wetu ana kesi ya GBV”. Kesi ya GBV yaweza kuwa kofi, yaweza kuwa maji ya moto. Kamati haiwezi kupima herufi tatu.

Wanaojua kuuliza wamelitambua hilo zamani. Uchunguzi wa Demografia na Afya, unaofanywa katika nchi nyingi ikiwemo Zambia, haumuulizi mwanamke kama amefanyiwa ukatili. Unamsomea vitenzi. Je, mumeo aliwahi kukusukuma, kukutikisa, au kukurushia kitu? Kukupiga kofi? Kukupinda mkono au kukuvuta nywele? Kukupiga ngumi? Kukupiga teke, kukuburura? Kukukaba au kukuchoma makusudi? Waandaaji walijua kwamba wengi wangejibu hapana kwa neno ukatili, kisha wakajibu ndiyo kwa kofi, ndiyo kwa kuvutwa nywele, maana katika akili zao ukatili ni jambo la majambazi na kofi ni jambo la ndoa. Kwa njia hiyo ya vitenzi, uchunguzi wa Zambia wa mwaka 2018 ulipata kwamba asilimia 36 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepata kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofika miaka 15. Kanuni za ligi zingeweza kujifunza kutoka kwenye dodoso hilo kuliko kutoka kwa wanasheria wa masoko.

Kwa sababu ukisoma kanuni za soka, kifungu kinachovutwa mara nyingi mchezaji anapofanya ovu nje ya uwanja ni kile cha kuuletea mchezo sifa mbaya. Kanuni ya nidhamu ya FIFA ina kifungu cha namna hiyo, na vyama vya nchi hufuata mkondo wake. Kisome tena polepole. Nani ameumizwa katika kifungu hicho? Mchezo. Sifa ya mchezo. Mwanamke aliyevunjwa taya anaingia kama ushahidi wa jinsi mchezo ulivyochafuliwa. Na kama hakuna aliyejua, je, sifa imechafuka? Kwa kifungu hicho, kipigo kisichosikika si kosa.

Wamarekani walilionyesha hilo hadharani. Mwaka 2014 mchezaji Ray Rice, wa ligi yao ya mpira wa Kimarekani, alimpiga mchumba wake ndani ya lifti ya hoteli. Ligi ikamfungia mechi mbili. Habari ya tendo ilikuwa imeshajulikana, video ya nje ya lifti ilikuwa imeshaonekana. Tarehe 8 Septemba ikatoka video ya ndani ya lifti, ngumi yenyewe ikionekana, na siku hiyohiyo klabu ikavunja mkataba wake na ligi ikamfungia bila kikomo. Kilichobadilika kati ya adhabu ya kwanza na ya pili ni idadi ya watu waliotazama. Ngumi ilikuwa ileile. Novemba msuluhishi, jaji mstaafu Barbara Jones, akaifuta adhabu ile ya pili kwa hoja kwamba mtu hawezi kuadhibiwa mara mbili kwa kosa moja. Alikuwa sahihi, na usahihi wake uliivua nguo ligi: haikuwa na jina la kosa, ilikuwa na kipimo cha aibu tu. Wakati huo ilikuwa tayari imetangaza kwamba kosa la kwanza la kumpiga mwenza litaanzia mechi sita.

Ligi yao ya besiboli ilifanya kazi nzuri zaidi, na ilifanya hivyo mezani pamoja na chama cha wachezaji. Agosti 2015 pande hizo mbili zilikubaliana juu ya sera inayotaja ukatili wa nyumbani, shambulio la kingono na ukatili dhidi ya watoto kwa majina yake. Sera hiyo haisubiri hukumu ya mahakama. Machi 2016 Aroldis Chapman alifungiwa mechi 30 ingawa waendesha mashitaka hawakumshitaki. Mwaka huohuo José Reyes akakosa mechi 51. Kesi yake huko Hawaii ilikuwa imefutwa baada ya mkewe kutoshirikiana na waendesha mashitaka. Watu wa Nchelenge hawahitaji kuelezwa jambo hili la pili. Kesi zinazoondolewa na walalamikaji wenyewe ni kilio cha kila mwaka cha VSU: wazee wameketi, wamepatanisha, mtoa riziki ndiye huyohuyo, na ada ya shule haingoji. Kupatanisha nalo lina -an- tumboni mwake.

Hapa ndipo Kiswahili, kwa mara moja, kina utajiri ambao hatuutumii. Mzizi ni fung-. Mshambuliaji anafunga. Timu inafungwa. Mchezaji anafungiwa mechi tatu. Na mhalifu anafungwa jela. Mzizi mmoja unabeba bao, kushindwa, adhabu ya chama na adhabu ya dola, na tofauti iko kwenye mkia wa kitenzi. Msomaji wa Kiswahili huzitenganisha bila kufikiri. Lakini viongozi wa klabu huziviringa pamoja kila mara wanaposema “hatuwezi kumfungia kwa sababu mahakama haijamfunga”. Ni sentensi inayosikika ya haki. Inasema kwamba -iwa haiwezi kuja kabla ya -wa. Kwa nini isije? Chama hakihitaji jaji ili kumfungia mchezaji aliyempiga teke mwamuzi Jumamosi. Kinahitaji ripoti, utetezi na kikao. Anayempiga mwamuzi amempiga mtu wa mchezo, basi mchezo una macho. Anayempiga mkewe amempiga mtu wa nje.

Katikati ya kufungiwa na kucheza kama kawaida kuna neno la tatu, nalo ndilo ninalolipigania: kupisha. Watanzania wanalijua vizuri kutoka serikalini. Mkurugenzi amesimamishwa kupisha uchunguzi. Kupisha ni kuondoka njiani ili kitu kipite; unampisha mzee mlangoni, unaipisha gari ya wagonjwa barabarani, na hakuna anayesema umeadhibiwa. Ziwani Mweru wana mfano wake mkubwa kila mwaka. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hupigwa marufuku ili samaki wazaliane. Mvuvi anayetoa nyavu zake majini Desemba mosi hajaitwa mwizi. Amesimama kwa sababu kuna jambo ambalo haliwezi kufanyika vizuri yeye akiwa anavua, na anajua tarehe ya kurudi.

Ligi ya raga ya Australia iliingiza kanuni ya namna hiyo mwaka 2019. Mchezaji aliyeshitakiwa kwa kosa linaloweza kuleta kifungo cha miaka 11 au zaidi hukaa pembeni moja kwa moja, mshahara ukiendelea, bila kuhesabiwa kuwa na hatia. Kwa makosa madogo zaidi ya hayo, hasa ya kuwaumiza wanawake na watoto, uongozi unaweza kuamua hivyo hivyo. Besiboli nayo ina likizo ya kupisha, yenye malipo. Gharama yake ni ya kweli. Mmoja wa Waaustralia wale alikaa pembeni misimu miwili, kesi yake ikaenda mbele ya baraza la wazee wa mahakama likashindwa kukubaliana, na mwishowe mashitaka yakaondolewa. Misimu miwili ya mchezaji haimo katika uwezo wa mtu yeyote kuirudisha. Ndiyo maana kupisha bila ukomo ni kufungia kwa jina la adabu, na kanuni yoyote itakayotumia neno hilo lazima iandike tarehe ya kulitazama upya.

Kinyume chake tunakijua karibu na nyumbani. Afrika Kusini, ambako Wazambia wengi wamechezea, Thembinkosi Lorch wa Orlando Pirates alishitakiwa kwa kumshambulia aliyekuwa mpenzi wake mwaka 2020. Hukumu ya hatia ilitoka Juni 2023, na ndipo klabu ilipomsimamisha. Katikati alicheza. Januari 2024 alikuwa na jezi ya Mamelodi Sundowns. Sisemi mtu aliyehukumiwa asipate kazi tena maishani. Nasema kwamba kati ya 2020 na 2023 hakukuwa na neno. Alikuwa au hana hatia au ana hatia, na soka halikuwa na chumba cha kusubiria.

Zambia yenyewe ilipitia jambo la jirani, la aina nyingine. Mwaka 2022 madai ya unyanyasaji wa kingono yaliibuka katika soka la wanawake, na Chama cha Soka cha Zambia, FAZ, kikasema kimeyapeleka FIFA. Kocha wa timu ya taifa ya wanawake, Bruce Mwape, aliyetajwa katika madai hayo, aliyakana. Aliongoza timu katika Kombe la Dunia la 2023 na Olimpiki ya Paris 2024, na Januari 2025 nafasi yake ikachukuliwa na Mswisi Nora Häuptle. Simhukumu; si kazi yangu na sina cha kumhukumia. Nililokuwa nalisikiliza katika kipindi chote kile ni maneno mawili, “uchunguzi unaendelea”. Katika Kiswahili uchunguzi unaoendelea hupishwa. Huu ulitembea bega kwa bega na kazi iliyokuwa ikichunguzwa, katika mashindano makubwa mawili, na wachezaji waliokuwa wakitakiwa kusema lolote walikuwa wakisubiri kocha huyohuyo asome majina ya kikosi.

Bado kuna mahali ambapo hata kupisha hakufiki. Oktoba 2021 Agnes Tirop, aliyekuwa amevunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake peke yao mwezi mmoja tu kabla, alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten. Mumewe alishitakiwa kwa mauaji na akakana. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, wiki chache baada ya kukimbia marathoni ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia. Alifariki Eldoret tarehe 5. Aliyemchoma, Dickson Ndiema, naye akafa kwa majeraha ya moto uleule. Vyombo vya habari vilimwita Ndiema mpenzi wake, au mpenzi wake wa zamani. Nimejaribu kulisoma neno hilo kama istilahi tu, kama tunavyosema mke, mume, mchumba, na siwezi. Mpenzi ni anayependwa. Kiswahili hakina budi kupata neno la uhusiano lisilotoa ushahidi wa upendo. Mwenza liko karibu, maana linasema tu kwamba watu wawili walikuwa pamoja, na mimi naliona lifaalo zaidi katika taarifa za polisi na za vyama.

Katika riadha anayepiga mara nyingi hana namba mgongoni. Ni mume, ni meneja, ni kocha, na pengine yote matatu katika mtu mmoja, mshika kadi ya benki. Chama hakina leseni ya kumnyang'anya. Kenya, wenzake Tirop waliunda Tirop's Angels kuwasaidia wanawake walio hatarini, kwa kuwa mkono wa chama haukufika sebuleni. Kwa hiyo tunapoandika kanuni inayomzungumzia mchezaji aliyetuhumiwa, tuandike pia inayomzungumzia mchezaji aliyepigwa: mkataba wake ulipwe kwenye akaunti yake, safari yake isimamiwe na mtu mwingine, kambi impokee hata msimu ukiwa umeisha.

Narudi ziwani na swali la ukubwa. Haya ya Wamarekani na Waaustralia yana wanasheria na mishahara. Ligi ya kata huko Puta au Kashikishi ina katibu, daftari, jezi za kuazimana na timu ya netiboli inayocheza kabla ya wanaume. Hakuna mshahara wa kuendelea kulipwa wakati wa kupisha. Hilo kwa kweli linarahisisha: kinachopishwa ni mechi tu. Kinacholeta ugumu ni ukoo. Mwenyekiti wa kamati ni mjomba wa mtuhumiwa, mweka hazina ameoa kwa kina mlalamikaji, na shibukombe, mshenga aliyeisimamia ndoa yenyewe, ndiye mlezi wa timu. Kikao cha nidhamu na kikao cha ukoo ni viti vilevile.

Kwa hiyo kama katibu wa daftari lile angeniomba kifungu, ningemwandikia kwa vitenzi. Mchezaji, kocha au kiongozi akiripotiwa polisi kwa kumpiga, kumsukuma, kumkaba, kumchoma, kumlazimisha kingono, kumtishia au kumnyang'anya mali mwenza wake au mtoto, atapisha. Hatavaa jezi wala kukaa benchi. Kupisha si hukumu, na yeyote atakayemwita mkosaji kabla ya uamuzi atakuwa amevunja kifungu hiki. Suala litatazamwa upya kila baada ya siku 30. Watakaolitazama watoke nje ya kata, wawili kati yao wawe wanawake, na ndugu wa damu au wa ndoa wa upande wowote asiwemo. Kuondolewa kwa kesi polisi hakulifungi jalada la ligi. Ikithibitika, atafungiwa kwa muda utakaoandikwa, na sababu itaandikwa kwa kitenzi kilichothibitika, bila “utovu wa nidhamu” wala “sifa mbaya”. Isipothibitika, atarudi, na barua ya kumrudisha isomwe mahali palepale iliposomwa ya kumsimamisha.

Kibemba kitapata vitenzi vyake, Kibwile vyake, na Kiswahili cha ng'ambo vyake, kwa kuwa timu za Pweto na Kilwa zikivuka kucheza zitacheza chini ya kifungu hichohicho. Mtafsiri asije akaweka -an- kwa mazoea. Na mlalamikaji aelezwe uamuzi kabla ya timu, ana kwa ana, kwa lugha anayoizungumza nyumbani kwake, na nakala yenye muhuri ibaki mkononi mwake, maana hadi sasa karatasi za mambo haya zimekuwa zikikaa kabatini kwa klabu.